Soma Jarida Zima, Usimfuate Shujaa Mmoja

Kwa muda wa miaka miwili niliyasoma majarida ya katuni ya Marekani ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa njia ambayo leo simshauri mtu yeyote aifuate. Nilikuwa nikifungua toleo, namtafuta shujaa niliyekwisha kumsikia, nasoma kurasa zake, kisha nalifunga na kukimbilia toleo linalofuata ili nijue amefikia wapi. Nilidhani najifunza historia ya wale mashujaa wa barakoa na majoho, kumbe nilikuwa naokota vipande tu. Mengi ya majarida yale yalikuwa ya mchanganyiko: kwa senti 10 mtoto alipata kurasa 64 ndani ya jalada moja, na katika kurasa hizo walipangwa mashujaa sita, saba, hata wanane, kila mmoja na kisa chake kifupi. Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko mwingine wowote, ni kwamba ulisome jarida zima, kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, kwa mpangilio ule ule lililouzwa nao.

Chukua toleo la kwanza la Police Comics, lililotolewa na kampuni ya Quality likiwa na tarehe ya Agosti 1941. Siku hizi watu hulikumbuka kwa sababu ya mtu mmoja, Plastic Man, aliyebuniwa na mchoraji Jack Cole. Hata hivyo, aliyepewa nafasi kubwa jaladani alikuwa Firebrand, kijana tajiri anayejifanya mvivu mchana ili asishukiwe usiku. Ukiendelea kufunua unamkuta Phantom Lady, binti wa seneta, ambaye silaha yake ni taa inayomwaga giza badala ya mwanga. Unamkuta Human Bomb, mwanakemia aliyemeza kemikali ya mlipuko ili isianguke mikononi mwa majasusi, na tangu hapo mikono yake ikivuliwa glavu inalipua kinachoguswa. Unamkuta pia 711, mtu asiye na hatia aliyekubali kuingia gerezani kwa niaba ya rafiki aliyefanana naye, na ambaye sasa hutoka usiku kwa njia aliyoichimba chini ya ardhi, hupambana na majambazi, kisha hurudi mwenyewe kifungoni.

Nililisoma toleo hilo lote kwa kikao kimoja ndipo nikaliona jambo ambalo lilinipita mara zote nilipokuwa namfuata Plastic Man peke yake. Yeye mwenyewe alikuwa mwizi, jina lake Eel O'Brian. Alipigwa risasi wakati genge lake lilipovunja kiwanda cha kemikali, tindikali ikamwingia kwenye jeraha, wenzake wakamwacha na kukimbia na gari. Alizinduka kitandani katika nyumba ya watawa, akaambiwa kwamba mtawa mmoja aliwazuia polisi wasimchukue, na wema huo wa mtu asiyemjua ndio uliomgeuza. Basi jarida lililobeba jina la polisi lilikuwa na mwizi aliyetubu na mfungwa mwenye namba miongoni mwa walinzi wake wa sheria, na visa vyao vimekaa katika jarida lile lile. Mtoto wa 1941 aliviona pamoja bila kuambiwa na mtu. Msomaji wa leo anayechagua shujaa mmoja hawezi kuviona hivyo.

Ushauri wangu wa pili unahusu tarehe. Soma matoleo kwa mfuatano, lakini kumbuka kwamba mwezi uliochapishwa jaladani ulikuwa wa baadaye kuliko mwezi halisi wa mauzo. Toleo la kwanza la Captain America Comics, la Joe Simon na Jack Kirby, linasema Machi 1941, ilhali lilifika madukani Desemba 1940. Tofauti hiyo inabeba uzito mkubwa, kwa sababu jalada lake linamwonyesha shujaa akimpiga Hitler ngumi ya uso karibu mwaka mzima kabla ya shambulio la Pearl Harbor, wakati Marekani bado haijaingia vitani. Simon na Kirby walikuwa Wayahudi, na mtu akitazama ngumi ile pamoja na tarehe yake ya kweli anaielewa kwa namna nyingine kabisa.

Ukisoma kwa mfuatano utaona pia jinsi mapambano dhidi ya uhalifu yalivyogeuka kuwa mapambano ya vita bila visa vyenyewe kubadilika sana. The Shield, aliyeanza katika toleo la kwanza la Pep Comics lenye tarehe ya Januari 1940, alikuwa mpelelezi wa FBI mwenye mavazi ya bendera, na tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kuwasaka wahujumu. Wengine walianza na wezi wa benki na magenge ya mjini, na kufikia 1942 mlango ule ule uliovunjwa kwa teke ulikuwa na majasusi nyuma yake. Mchoraji alibadilisha sare ya adui na kuacha mengine karibu yote kama yalivyokuwa.

Katika jarida hilo hilo la Pep ndimo nilimoelewa kwa nini kumfuata shujaa mmoja kunampotosha msomaji. Katika toleo la 17, la Julai 1941, shujaa aitwaye The Comet anauawa na majambazi, na ndugu yake anavaa barakoa ya The Hangman ili alipe kisasi. Matoleo matano baadaye, katika toleo la 22 lenye tarehe ya Desemba 1941, anatokea kijana wa shule mwenye nywele nyekundu, Archie, asiye na nguvu zozote za ajabu, katikati ya watu wa barakoa na damu. Kufikia 1946 kampuni nzima ilikuwa imechukua jina la kijana huyo. Aliyekuwa akisoma kurasa zote aliyaona mabadiliko hayo yakija polepole. Aliyekuwa akimtafuta The Shield peke yake lazima alishtuka alipokuta jarida limebadilika mikononi mwake.

Kwa anayetaka kununua nakala halisi, nina neno kutokana na hasara yangu. Niliwahi kumwagiza ndugu anayeishi Marekani aninunulie toleo moja la 1944, na muuzaji akaahidi kwamba ni kamili. Lilipofika nililipenda sana: karatasi ya rangi ya chai ya maziwa kwenye kingo, pini mbili zilizoshika kutu, na jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli juu ya tangazo la kuwahimiza watoto wanunue stempu za akiba ya vita. Niliposoma hadi katikati, shujaa aliyekuwa amefungwa kamba ghalani akawa ghafla yuko juu ya paa la treni. Karatasi ya katikati ilikuwa imechomoka, na karatasi moja iliyokunjwa ni kurasa nne. Kwa hiyo mwombe muuzaji azihesabu kurasa mbele yako au akupigie picha ya katikati. Usitegemee unene, kwa sababu karatasi iligawiwa kwa kiwango wakati wa vita, na majarida mengi yaliyokuwa na kurasa 68 pamoja na jalada yalishuka hadi 60, kisha 52 kufikia 1944. Uchache wa nakala zilizobaki una sababu inayofanana na hiyo: watoto walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita, nao wakayatoa majarida yao kwa moyo.

Hata hivyo, huhitaji kununua kitu ili uanze. Majarida mengi ya wakati ule hakimiliki yake haikuhuishwa, na maktaba ya mtandaoni iitwayo Digital Comic Museum imeyaweka bure, pamoja na matangazo na hata zile kurasa mbili za hadithi ya maneno bila picha ambazo wachapishaji waliziweka ili wapate nauli nafuu ya posta.

Jambo la mwisho ni zito zaidi, na sitaki mtu akutane nalo bila kutayarishwa, hasa akiwa na mtoto. Watu weusi na Wajapani wamechorwa kwa dharau katika kurasa nyingi mno za majarida haya. Nilikuwa nikisoma toleo la baadaye la Police Comics pamoja na mtoto wa dada yangu, tukafika kwenye hadithi ya The Spirit, ambamo kuna kijana mweusi anayeitwa Ebony. Akaweka kidole kwenye skrini na kuniuliza, "Mjomba, mbona huyu wamemchora hivi?" Nilitamani kufunua ukurasa upesi. Badala yake nilimwambia kwamba mchoraji aliwachora wengine kama watu na huyu kama kichekesho, na kwamba hilo lilikuwa kosa hata wakati ule. Nikamweleza kuhusu babu yangu, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, ambalo wenyewe waliliita Keya, na jinsi Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivyopita bonde la Kabaw kule Burma mnamo 1944 katikati ya mvua kubwa na kuvuka mto Chindwin. Katika majarida yote niliyoyasoma ya mwaka huo sijamkuta askari anayefanana naye. Ushauri wangu ni kwamba usiziruke kurasa hizo na usizifiche. Zisome, kisha umweleze mtoto waliokataa: wanafunzi wa New York walimwendea mchapishaji wa majarida ya shujaa Captain Marvel kulalamikia mhusika mweusi aitwaye Steamboat, naye akaondolewa mwaka 1945.

Siku ile hatukuishia hapo. Nilimfungulia All-Negro Comics, jarida la mchanganyiko lililotolewa Philadelphia mwaka 1947 na mwandishi wa habari Orrin C. Evans, lililotungwa na kuchorwa na Wamarekani weusi pekee. Alilisoma kuanzia jaladani, akampitia mpelelezi Ace Harlem, akafika kwa Lion Man, mwanasayansi anayelinda mlima wenye madini kule Gold Coast, yaani Ghana ya leo, na akaendelea hadi ukurasa wa mwisho bila kuruka kitu. Alipomaliza aliniomba toleo la pili, nami nikamwambia kwamba Evans alikuwa amekwisha kuliandaa, lakini wauzaji wa karatasi walikataa kumuuzia.