Maji yakigeuka kijani, kaboni yasemaje?

SWALI: Mhariri salaam, huku Tudor, Mombasa, maji ya kriki (mkono wa bahari) yakigeuka kijani watu huja kuchota kwa chupa, eti wapime kaboni ya vijimea. Ya nini?

JIBU: Swali zuri sana ndugu yangu. Fitoplanktoni, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, huvuta kabonidaioksaidi ilo na kaboni za aina mbili: nyepesi, iitwayo kaboni-12, na nzito, kaboni-13, ambayo ni kama asilimia 1 tu ya kaboni yote. Kwa kawaida hupendelea nyepesi. Sasa maji taka yakileta naitrojeni na fosforasi tele, vinazaana mbio mbio, kabonidaioksaidi inapungua majini, basi havichagui sana tena, vinabeba hata nzito, na vingine vinavuta baikaboneti, yaani kaboni iliyoyeyuka majini kwa umbo jingine. Kwa hiyo kaboni-13 ikizidi mwilini mwao ni dalili ya ukuaji wa kasi, ila hao wachotaji wachunge mabaki ya mikoko yasiingie chupani, maana kaboni-13 yake ni pungufu kuliko ya vijimea na yataharibu hesabu yote.