Maswali ya Wasomaji: Ajenti Anapokosea Zana

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Tunatengeneza ajenti wa akili mnemba (programu inayojibu na kuchukua hatua yenyewe) wa kuwajibu wafanyabiashara wa dagaa na mawese. Tumempa zana mbili, yaani programu ndogo anazoziita ili kupata taarifa. Moja inaitwa "bei", na maelezo yake ni "Hutoa bei". Nyingine ni "soko", maelezo yake "Taarifa za soko". Akiulizwa bei ya mawese leo, mara anaita hii, mara ile, na mara nyingine anatunga bei yake mwenyewe. Tubadilishe modeli, yaani akili mnemba yenyewe inayomwendesha?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Modeli iacheni kwanza. Msimbo wenu haiuoni. Inachokiona ni jina la zana, maelezo yake na skima ya vigezo (orodha ya taarifa ambazo zana inahitaji kupewa, na aina zake), basi. Kwa maneno mliyoandika, hata karani mpya angeuliza bei itafutwe wapi.

Andikeni upya. Jina la "bei" liwe tafuta_bei_ya_siku, na la "soko" liwe angalia_mzigo_sokoni. Maelezo ya ile ya kwanza yawe hivi: "Hutafuta bei ya jumla ya bidhaa moja, katika soko moja, kwa siku moja. Itumie mtumiaji anapouliza bei ya dagaa, migebuka au mawese. Usiitumie kujua kiasi cha mzigo kilichopo. Kwa hilo tumia angalia_mzigo_sokoni. Hurudisha bei kwa shilingi za Tanzania, kipimo chake na tarehe iliyorekodiwa. Kama bei haijarekodiwa, hurudisha 'haijarekodiwa'. Mwambie mtumiaji hivyo, usikisie."

Sentensi ya "usiitumie" ndiyo wengi huiacha, nayo ndiyo inayotenganisha zana zinazokaribiana. Ya mwisho inazuia bei za kutunga: zana ikirudisha jibu tupu bila maelekezo, modeli huelekea kulijaza yenyewe.

Kisha nendeni kwenye vigezo, maana makosa mengi hujificha huko. Kigezo cha "kipimo" msikiache wazi. Kiwekeeni orodha funge kwa kutumia enum (orodha ya thamani zinazoruhusiwa tu) ya JSON Schema, mfumo wa kueleza vigezo: kilo, dumu_lita_20. Gunia tungeliondoa kabisa, kwa sababu halina uzito mmoja, na modeli italigeuza kuwa kilo kwa hesabu zake yenyewe bila kumwambia mtu. Kigezo cha "mahali" nacho kina mtego: Kigoma ni mkoa, na pia ni jina ambalo watu hulitumia kwa mji. Wekeni orodha ya masoko yenyewe, kama kibirizi, mwanga na ujiji, na mwandike kwamba mtumiaji akisema "Kigoma" tu, aulizwe ni soko gani.

Mkimaliza, andikeni maswali 20 ya wateja kwa lugha yao halisi, na kando ya kila moja zana inayopaswa kuitwa na thamani za vigezo. Yapitisheni yote kila mnapogusa maelezo, hata kama mmebadili neno moja, kwa kuwa kurekebisha zana moja kunaweza kuivuruga jirani yake. Ongezeni pia maswali machache yasiyohitaji zana yoyote.

SWALI: Ajenti wetu hupanga muda wa kupokea asali kutoka Sikonge. Mteja akiandika "kesho saa mbili asubuhi", ajenti anaweka 02:00. Tatizo ni nini?
Msomaji, Tabora Mjini

JIBU: Kigezo chenu bila shaka kimeandikwa "muda" na kuishia hapo. Elezeni kwa ukamilifu: "Tarehe na saa kwa mfumo wa saa 24, mfano 2025-03-18T08:00, saa za Afrika Mashariki (UTC+3). Watumiaji hutaja saa za Kiswahili: saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 6 mchana ni 12:00, saa 2 usiku ni 20:00, saa 8 usiku ni 02:00. Asipotaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kabla ya kuita zana." Mifano minne ya namna hiyo inasaidia kuliko kuandika "ongeza au punguza saa sita".

Usiku unataka uangalifu wa pekee. Saa 8 ya usiku wa kuamkia Jumanne huangukia tarehe ya Jumanne, si ya Jumatatu. Liandikeni hilo pia. "Kesho" ni suala jingine: modeli haijui leo ni tarehe ngapi msipoiambia, kwa hiyo wekeni tarehe ya leo kwenye maelekezo ya mwanzo ya kila mazungumzo. Halafu zana irudishe uthibitisho kwa namna zote mbili, "Jumanne 08:00, yaani saa 2 asubuhi", ili mteja akamate kosa kabla gari halijatoka Sikonge.

SWALI: Zana ikikwama inarudisha "Kosa 400", na ajenti anaiita tena na tena kwa vigezo vilevile. Tufanyeje?
Msomaji, Nzega

JIBU: Ujumbe wa kosa husomwa na modeli kama inavyosoma maelezo, kwa hiyo nao uandikwe vizuri: kilichokosewa, kinachokubalika na hatua inayofuata. Mfano: "Kipimo 'gunia' hakikubaliki. Tumia kilo au dumu_lita_20. Kama mtumiaji hakutaja, muulize." Kosa lisilorekebishika kwa kubadili vigezo, mathalani mtandao kukatika, liseme waziwazi: "Usirudie, mwambie mtumiaji ajaribu baadaye." Na kwenye msimbo wenu wekeni kikomo cha majaribio mawili, kwa sababu kila mwito hula tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika), na tokeni ni fedha.