Binti yangu analia usiku kwa hofu ya mtihani. Je, imani yake ni dhaifu?

SUALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mie ni mama, nipo Wete, Pemba. Binti yangu yuko kidato cha nne na mtihani wa taifa ndio huo, Novemba. Wiki hizi chakula hakimpiti, usiku anashituka, nikimuuliza analia. Babake ni mvuvi, yumo dago, kambi ya wavuvi, na kila akipiga simu humwambia: "Ukipata ziro, pesa zangu za tuisheni utazilipa." Shangazi yake anasema mtoto hana tawakkal, yaani hamtegemei Mungu, na mwenye imani haogopi mtihani. Bibi yake anataka aandikiwe kombe, yaani aya za Qur'ani ziandikwe kwenye sahani, zioshwe kwa maji, ayanywe. Juzi kaniuliza: "Mama, nikifeli utanichukia?" Nikakosa la kumjibu. Nifanye nini, na dua gani nimsomee?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na suali la binti yako, maana hilo halingoji. Leo hii mkalishe karibu yako umwambie: "Sikuchukii na sitokuchukia. Ukipasi ni mwanangu, ukifeli ni mwanangu." Kisha nyamaza. Usimfuatishie nasaha ya kusoma kwa bidii, ataona mapenzi yako yana masharti.

Ama kuogopa, si upungufu wa imani. Nabii Musa (a.s.) alipowakabili wachawi wa Firauni, Qur'ani inasema aliona khofu ndani ya nafsi yake (Taha, aya ya 67). Mola wake hakumkaripia. Alimwambia asiogope, akampa na bishara kuwa yeye ndiye atakayeshinda.

Na mfano wako wewe mama ni Bibi Khadija (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka pango la Hira moyo ukimtetemeka, alisema: "Nifunikeni, nifunikeni." Wakamfunika mpaka khofu ikamtoka. Ndipo akamhadithia Bibi Khadija yaliyomfika, akamwambia kuwa anaikhofia nafsi yake. Bibi Khadija akamuapia kuwa Mwenyezi Mungu hatomfedhehesha kamwe, kisha akamtajia mema yake moja moja: unaunga udugu, unawabebea wanyonge mizigo yao, unampa asiye nacho, unakirimu mgeni. Baada ya hapo ndipo akamchukua kwa Waraqa bin Nawfal, mtu mwenye elimu. Hadithi hii imo katika Bukhari, na mimi naipenda sana kwa ule mpangilio wake. Hakuanza kwa kumuuliza kwa nini anaogopa.

Nawe fuata njia hiyo hiyo. Akishituka usiku, mfunike kanga, kaa naye, mwache alie na aseme. Akishatulia mkumbushe anayoyaweza kweli, sio sifa za kumridhisha: mtihani wa kidato cha pili aliuogopa na akaupita, wadogo zake ndiye anayewafundisha. Kisha nenda kwa mwalimu wake umweleze hali ilivyo. Na ikiwa usingizi umempotea kabisa, au akatamka kuwa hataki kuishi, usingoje mtihani uishe. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani Mtume ametuamrisha kujitibu.

Shangazi mtu umweleze kwa upole kuwa tawakkal ni kumfunga ngamia kisha ukamtegemea Mungu. Mtoto anayekesha na madaftari ameshamfunga ngamia wake. Na kukesha kwenyewe kuna kiasi: Mtume hakupenda mazungumzo baada ya sala ya Isha, basi alale mapema, aamke kabla ya Alfajiri asome kichwa kikiwa kimetulia. Kuchota maji na kuchambua karafuu, kwa wiki hizi, wapokee wengine.

Kombe wanavyuoni wamekhitalifiana, na sitaki mgombane na bibi kwa hilo. Bora zaidi ni umsomee mwenyewe kwa ulimi wako, mkono juu ya kichwa chake. Mtume akiwasomea kinga wajukuu zake Hassan na Hussein. Ila yeyote anayeuza kitu kwa ahadi ya kupasisha, hapo msikaribie.

Asubuhi ya mtihani asome dua ya Nabii Musa: Rabbi-shrah lii swadrii, wa yassir lii amrii, wahlul uqdatan min lisaanii, yafqahuu qawlii. Mola wangu, nikunjulie kifua changu, unifanyie wepesi jambo langu, ulifungue fundo la ulimi wangu wapate kufahamu kauli yangu.

Amebaki baba. Naamini anampenda, na pesa ya uvuvi haipatikani kirahisi. Lakini anachoitumilia familia yake kwa kutaraji radhi za Mungu huandikiwa sadaka, basi asiigeuze deni juu ya mtoto. Mpigie wewe kwanza, mkiwa wawili tu, umsomee jibu hili. Dua ya mzazi kwa mwanawe ni katika dua zisizorudishwa. Usiku wa kuamkia karatasi ya kwanza apige simu amuombee, na binti mwenyewe awe anasikia.

Wallahu a'lam.