Difu ya Mbele ya Shangingi: Hesabu Meno Kabla ya Kuhesabu Hela

Mashangingi ya zamani yameshuka bei, na hapa Tanga siku hizi huyakosi mtaani. Langu ni Land Cruiser Cygnus, lile ambalo nje ya Japani liliuzwa kwa jina la Lexus LX 470: V8 ya lita 4.7, viti vya ngozi, na magurudumu yote manne yanavuta muda wote. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Ndilo linalofanya kubadilisha difu ya mbele, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele, kusiwe kazi ya kufungua boliti na kufunga boliti tu.

Kwanza uhakikishe mgonjwa ni difu kweli. Mvumo wake hufuata mwendo wa gari na hubadilika ukikanyaga mafuta au ukiachia. Beringi ya gurudumu hubadilika ukikata kona, na tairi lililolika hubadilika lami ikibadilika. Barabara ya kwenda Muheza asubuhi na mapema, vioo vimepandishwa na redio imezimwa, inatosha kusikiliza. Mwenye safari ya Lushoto amepata kipimo kizuri zaidi, maana mlima kutoka Mombo unaibebesha difu mzigo wakati wa kupanda, na wakati wa kushuka mzigo unahamia upande wa pili wa meno. Langu lilivuma wakati wa kushuka tu, na ukitoa R kwenda D unasikia "ngo!" chini mbele. Huo mlio usiuamini peke yake. Krosi jointi (viungo) za propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, zikichoka hugonga vilevile. Lala chini, shika propela, ichezeshe.

Kisha mwaga oili. Lakini fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Nati ya kujazia ikigoma wakati oili yote iko kwenye beseni, gari limelala gereji. Kwenye sumaku ya nati, ute laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuviokota kwa kucha si kawaida. Yangu ilitoa vipande, na oili yenyewe ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia.

Maji yanaingiaje? Difu ina bomba dogo la kupumulia. Masika, umetoka mbio lamini difu ikiwa ya moto, ukaingia kwenye dimbwi la maana, hewa ya ndani inapoa ghafla na kuvuta. Bomba likiwa limeziba, inavuta maji kupitia kwenye sili, zile mpira za kuzuia oili isivuje. Likiwa limepasuka chini, inayavuta kupitia hapohapo. Funga difu nyingine bila kugusa bomba hilo, utarudi kwa fundi na ugonjwa uleule. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo kiasi kwamba mafundi wengi hawaukumbuki.

Kukarabati au kununua nzima? Mimi nasema nzima, labda uwe na fundi mwenye vifaa vya kupimia. Kraunwili na pinieni, yaani gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu, hupangwa kwa shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi), na nafasi kati ya meno ni kama sehemu 0.15 ya milimita. Ile bushi inayobonyea chini ya nati ya pinieni hutumika mara moja tu. Nimeona nati hiyo ikikazwa kwa bunduki ya upepo mpaka ilie, kisha fundi anafuta mikono: "Tayari, bosi." Beringi zikibanwa namna hiyo hazifiki mbali.

Sasa resho, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Katika ukoo huu wa magari zipo difu za 4.30, meno 43 kwa 10, na zipo za 4.10, meno 41 kwa 10. Kwa nje zinafanana. Muuzaji wa mtumba pale Gerezani, Dar, atakwambia, "Mjomba, zote za VX hizi, zinaingiliana." Boliti zinaingiliana, sawa; resho je? Ukifunga 4.10 mbele na nyuma kuna 4.30, gari litaondoka bila shida, na hapo ndipo mtego ulipo. Difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inameza tofauti hiyo ya karibu asilimia 5, kimyakimya, ikifanya kazi bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka. Siku utakayonasa kwenye tope ukaweka loki ya difu ya kati, mbele na nyuma zinaanza kuvutana, na kitu lazima kikatike.

Kwa hiyo hesabu. Difu ikiwa mezani, mmoja azuie upande mmoja wa kutokea draiv shafti (shafti ya kwenda kwenye gurudumu) usizunguke, wewe zungusha upande wa pili mara 20. Flenji ya propela (sahani inapofungwa propela) ikizunguka mara 43, ni 4.30. Ikizunguka 41, ni ile nyingine. Watakucheka, wache wacheke. Mikono iko hapohapo, sikiliza kama inazunguka laini au inasaga mchanga, na tikisa flenji juu na chini: ikicheza, beringi zimekwisha. Kuagizia kwa simu iletwe na basi ni rahisi, ila basi halihesabu meno. Ukishindwa kwenda, mtume fundi wako, na risiti ya EFD iandikwe resho pamoja na makubaliano ya kurudisha.

Kufunga kwenyewe hakuna maneno mengi. Chumvi ya bahari imeshakula boliti zetu, kwa hiyo zilowekwe dawa ya kutu tangu jana yake. Sili zote ziwe mpya, hata kama za zamani "bado nzuri". Gari likiwa limekaa sawa, jaza oili ya gia ya GL-5 ya 75W-90 mpaka ianze kumwagika yenyewe kwenye tundu la kujazia. Baada ya kilomita 1,000 hivi imwage uangalie tena sumaku, na kabla ya masika vuta pumzi kwenye lile bomba la kupumulia uone kama hewa inapita.