Sukari Ilishuka Baada ya Kujifungua. Mbona Moyo?

SWALI: Hujambo Mkunga. Nina miaka 31, nauza chai na chapati karibu na soko la Wakulima, Nakuru. Katika mimba yangu ya pili nilipatikana na kisukari, nikawa najidunga insulini. Mtoto alizaliwa na kilo 4.1. Kesho yake walinipima, sukari ikawa imeshuka, nikaambiwa imeisha. Sasa mtoto ana miezi minane. Juzi nimesikia redioni kwamba wanawake kama mimi tuchunge moyo. Wifi yangu anasema natafuta ugonjwa, na kweli siumwi popote. Je, nirudi hospitali?
Mama wa wawili, Nakuru

JIBU: Rudi, mama. Waliokuambia sukari imeshuka walisema kweli. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoizuia insulini kufanya kazi, na likishatoka sukari hushuka upesi. Lakini wajawazito wengi wana homoni hizo hizo na kongosho lao, kiungo kinachotengeneza insulini, linamudu. Lako halikumudu, na udhaifu huo haukutoka pamoja na kondo.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa takwimu za wanawake zaidi ya milioni 5. Waliowahi kupata kisukari cha ujauzito walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na maradhi kama hayo mara mbili ya wenzao. Hili lifuatalo lisome polepole: hata wale ambao hawakupata kisukari tena baadaye, hatari yao ilikuwa juu kwa asilimia 56. Na ilianza kuonekana ndani ya miaka 10 ya kwanza. Usishtuke, kwa umri wako hatari yenyewe ni ndogo, na ndogo ikizidishwa mara mbili bado ni ndogo. Ila presha na sukari hupanda kimya kimya, hata mtu asiyeumwa popote.

Kinachoniuma mimi hapa Kisumu ni kuona mama akileta mtoto kliniki, mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, kitabu kinaandikwa, kisha mama anarudi nyumbani bila hata kupimwa presha. Kwa hiyo omba mwenyewe. Mwezi ujao mtoto atachanjwa surua ya miezi tisa. Tangu usiku wa kuamkia siku hiyo usile, wala usinywe chochote ila maji. Mwombe wifi yako akushikie kibanda asubuhi. Onyesha kitabu chako cha kliniki, useme, "Nilikuwa na kisukari cha mimba, naomba kupimwa sukari, presha na kolesteroli."

Kipimo kizuri cha sukari ni kile cha kunywa glukosi gramu 75, unapimwa kabla na saa mbili baadaye. Ulistahili kufanyiwa kati ya wiki 4 na 12 baada ya kujifungua, lakini kuchelewa si sababu ya kukiacha. Ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula, au 11.1 au zaidi baada ya saa mbili, hicho ni kisukari, na kwa kuwa huna dalili kipimo kitarudiwa kuthibitisha. Ukiwa sawa, upimwe tena kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Mimi huwaambia wamama wangu wapime kila mwaka, mwezi aliozaliwa mtoto, kwa sababu huo hakuna mama anayeusahau.

Biashara ya chapati usiiache. Ila chapati zilizobaki zisiwe ndizo chakula chako cha mchana. Beba ndengu na managu kutoka nyumbani, na chai yako ipunguze sukari hadi uizoee bila. Endelea kunyonyesha, kunasaidia. Ukishika mimba nyingine, mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki, asingoje wiki ya 24 ndipo akupime sukari.

Na ukipatwa ghafla na maumivu ya kifua, taya au mgongo wa juu, au ukakosa pumzi huku ukitoka jasho baridi na kusikia kichefuchefu, usiseme ni uchovu wa meko. Acha kila kitu uende hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie uliwahi kuwa na kisukari cha ujauzito.