Je, damu yangu na ya mume wangu haziendani?

SWALI: Nina mimba ya pili, ya wiki 16. Ya kwanza iliharibika mwaka jana ikiwa na miezi minne, wala sikuchomwa sindano yoyote. Kliniki wameniambia kwamba damu yangu ni O hasi na ya mume wangu ni B chanya. Mama mkwe anasema damu zetu haziendani, hivyo sitapata mtoto katika ndoa hii. Je, ni kweli?
Mama mtarajiwa, Tanga

JIBU: Pole sana, dada, kwa mimba uliyoipoteza. Si kweli. Kinachoweza kugongana si damu yako na ya mumeo, bali yako na ya mtoto, endapo atarithi resasi chanya (resasi, au Rh, ndiyo ile alama ya chanya au hasi kwenye kundi la damu) kwa baba yake. Kwa kawaida damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki, lakini mimba inapoharibika, tumbo linapoumia au wakati wa kujifungua, chembe za mtoto huweza kuingia kwa mama, na mwili wake ukiziona ngeni hutengeneza kingamwili za kuziangamiza. Mimba ya kwanza mara nyingi husalimika; ni katika zinazofuata ambapo kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe nyekundu za mtoto, akapungukiwa damu tumboni au akapata umanjano mkali unaoweza kudhuru ubongo.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuilaumu resasi kwa mimba ile. Ninachohofia ni kwamba ulistahili sindano ya anti-D, inayozuia mwili kutengeneza kingamwili hizo, ndani ya saa 72 na hukupewa, kosa ambalo si lako. Wiki hii omba kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili hizo katika damu yako. Kikionesha huna kingamwili, utachomwa anti-D katika wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni chanya. Ulizia dawa mapema, kwani haipatikani katika kila zahanati. Kikionesha unazo, sindano haitazifuta, na utahitaji daktari bingwa wa kumfuatilia mtoto kwa altrasaundi, maana hata aliye tumboni huweza kuongezewa damu.

Tofauti ya O na B nayo huweza kuleta umanjano, ingawa mara nyingi ni mwepesi na hutibiwa kwa mwanga. Ukiuona machoni mwa mtoto ndani ya saa 24 za kwanza, mwite mkunga papo hapo.