Kadi iko mkobani, fedha zinatolewa wapi?

Msimu wa safari umeanza, na barua za wiki hizi karibu zote zinazungumzia kadi za benki. Nimechukua nne. Kwa wasomaji wapya: kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi dawati la malalamiko ya kadi katika benki moja hapa Dar es Salaam, na wengi waliokaa upande wa pili wa dawati lile walikuwa wametoka safari.

Swali: Shikamoo mzee. Nauza nguo za akina mama Kariakoo, na mwezi ujao nakwenda Istanbul kufunga mzigo kwa mara ya kwanza. Shoga yangu aliyenitangulia alirudi salama, lakini baada ya wiki mbili, usiku wa manane, meseji zikaanza kuingia: fedha zake zinatolewa kwenye ATM za nchi ambayo hata viza yake hajawahi kuomba. Kadi anayo mkobani na hajampa mtu. Benki wamemwambia ajaze fomu, asubiri. Mimi nimeingiwa na hofu. Si bora nifunge dola kiunoni kama mama zetu? *Mfanyabiashara, Kariakoo.*

Jibu: Marahaba mwanangu. Dola za kiunoni zikiibiwa, hata fomu ya kujaza hakuna.

Shoga yako amenakiliwa kadi. Chukua yako uigeuze. Ule mkanda mweusi wa nyuma umebeba namba ya kadi na tarehe ya kuisha, na kila unaposomwa hutoa maneno yaleyale. Upande wa mbele kuna chipu, kile kijidude cha rangi ya dhahabu. Chipu haina tabia hiyo. Kila muamala inatunga namba mpya ya mara moja, na anayeidaka leo kesho haimfai kitu. Kwa hiyo mwizi haangaiki na chipu. Juu ya mdomo wa ATM anabandika mdomo wa bandia wa rangi ileile, unausoma mkanda wakati kadi yako inapita. Namba ya siri anaipata kwa kamera ndogo iliyofichwa kwenye kibao cha plastiki juu ya vitufe. Wewe unapewa fedha zako na risiti, unakwenda zako. Taarifa zako zinauzwa, zinaandikwa kwenye kadi tupu, kisha mtu anakwenda kuitumia mahali ambapo mashine bado inakubali mkanda bila kudai chipu. Ndiyo maana zilikatwa nchi nyingine, na ndiyo maana zilichelewa.

Mkanda wenyewe unaagwa. Mwaka 2021 Mastercard walitangaza kwamba ifikapo 2033 karibu kadi zao zote zitakuwa hazina mkanda. Lakini wewe unasafiri mwezi ujao.

Basi ukifika, toa fedha kwenye mashine iliyo ndani ya benki, mchana, benki ikiwa wazi. Kabla hujaingiza kadi, shika pale mdomoni utikise. Usione haya, plastiki ya benki haichezi. Ukiandika namba ya siri, funika vitufe kwa mkono wa pili hata kama uko peke yako, maana siku hizi anayekuchungulia hahitaji kusimama nyuma yako.

Kuna mchezo mwingine wa zamani ambao bado unawaliza watu. Kadi inaingia, hairudi. Anatokea mtu mwema, amevaa vizuri, anasema hata yeye jana ilimtokea: andika namba yako ya siri tena halafu bonyeza kitufe cha kufuta. Unaandika, yeye anatazama. Kadi haitoki, unakata tamaa, unaondoka kutafuta msaada. Mle ndani alishatega kipande cha plastiki kilichoshika kadi yako, na ukigeuka tu anaivuta. Kadi ikikwama usiondoke pale. Fungua programu ya benki kwenye simu, izuie kadi hapohapo, ndipo usogee.

Madukani, mashine ya kuchanjia ndiyo ije kwako. Kadi isiende nyuma ya pazia. Mwenye duka akisema imekataa turudie, subiri kwanza uone kama meseji ya makato imeingia, maana nimeona watu wamekatwa mara mbili kwa koti moja. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa lira au kwa shilingi, chagua lira. Ukichagua shilingi, viwango vya kubadilishia vinapangwa na wao, na wanavipanga kwa kujipendelea. Polisi hawawezi kukusaidia kwa hilo kwa sababu umebonyeza mwenyewe.

Dola nazo beba kiasi, kwa kuwa Laleli, mtaa wa maduka ya jumla huko Istanbul, bado wapo wanaopenda taslimu. Zikifika 10,000 unatakiwa kuzitolea taarifa forodhani kabla hujaondoka Tanzania.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningekuambia hata kama ungenipa dakika moja tu. Usisafiri na kadi ya akaunti inayokaa mtaji. Fungua akaunti ya pili, iwe na kadi yake, uweke humo matumizi ya siku mbili tatu, na ukiwa hotelini uongeze kwa simu kadiri unavyohitaji. Dawatini kwangu walikuja watu makini sana, wenye namba ya siri ambayo hata mke haijui, na waliliwa akiba ya miaka. Walikuja na wazembe walioandika namba ya siri juu ya kadi, lakini kwenye akaunti ya kadi hiyo kulikuwa na laki mbili, wakapoteza laki mbili.

Turudi kwa shoga yako, maana fomu peke yake haitoshi. Aende tawini na kadi mkononi, waione kwa macho, na waandike kwenye malalamiko kwamba wameiona. Apeleke nakala ya pasipoti yenye mihuri ya kuondoka Uturuki na kuingia nyumbani, ili ijulikane alikuwa wapi siku ile. Kisha aombe kuangaliziwa kila muamala ulisomwaje. Kwenye kumbukumbu za benki kuna namba ndogo inayosema hivyo: 05 ni chipu, 07 ni kugusisha, 90 ni mkanda, 01 ni namba za kadi zilizoandikwa kwa mkono. Kijana wa kaunta anaweza kukutolea macho, lakini wa kitengo cha kadi anaijua vizuri. Ikisoma 90 wakati kadi yake ina chipu, ana kesi nzuri, kwa sababu mara nyingi hasara inamrudia mwenye mashine iliyokubali mkanda. Ikisoma 05 na namba ya siri sahihi, benki itasema ni yeye au mtu wa nyumbani kwake, na hapo mabishano yatakuwa marefu. Asikae kimya akisubiri huruma. Madai haya yana ukomo wa muda, na siku hazisimami kwa sababu fomu yako iko chini ya faili la mtu. Benki ikimzungusha, Benki Kuu wana dawati la malalamiko ya wateja, ila watamuuliza kwanza kama alilalamika kwenye benki yake kwa maandishi.

Swali: Kwenye grupu letu la ukoo imetumwa meseji kwamba ukitekwa na majambazi wakakulazimisha kutoa fedha ATM, andika namba yako ya siri kinyumenyume. Fedha zinatoka lakini polisi wanapata taarifa. Je, hata nje ya nchi inafanya kazi? *Msomaji, Morogoro.*

Jibu: Haifanyi kazi popote, Morogoro wala ng'ambo. Ukiandika kinyume mashine inahesabu umekosea, na majambazi wanazidi hasira. Halafu jiulize, mwenye namba 1221 angefanyaje? Wape fedha, okoa roho. Na huyo mjomba anayesambaza mwambieni apumzike.

Swali: Wakala wangu wa safari hapa Mombasa ni mtu tunayejuana. Nimemwambia anikatie tiketi na hoteli ya Dubai, akaniomba nimtumie kwa WhatsApp picha ya kadi mbele na nyuma, na kitambulisho. Anasema wateja wote hufanya hivyo. Nitume? *Abiria, Mombasa.*

Jibu: Usitume, ndugu yangu. Wala simwiti wakala wako mwizi. Picha hiyo itakaa kwenye simu yake, kwenye simu ya msaidizi wake, na kwenye kompyuta ya ofisi ambayo WhatsApp haijawahi kufungwa tangu ilipofunguliwa. Mwakani msaidizi ataacha kazi kwa ugomvi. Zile namba tatu za nyuma ya kadi zimewekwa kuthibitisha kwamba anayenunua ameishika kadi mkononi, na kanuni za usalama za kampuni za kadi zinamkataza mfanyabiashara kuzihifadhi muamala ukishaidhinishwa. Yeye anataka kuzihifadhi kwa picha.

Mwambie akutumie linki ya malipo ya shirika la ndege au ya hoteli yenyewe, ulipe mwenyewe. Au mlipe yeye kwa M-Pesa, alipe kwa kadi yake. Au tumia kadi ya mtandaoni: Safaricom walianzisha GlobalPay pamoja na Visa mwaka 2022, na namba zake zinakaa ndani ya simu tu, hakuna plastiki ya kupiga picha. Ukimaliza kulipa unaweza kuisimamisha. Akikasirika kwa hayo, tafuta wakala mwingine. Mombasa hawajaisha.

Na ukishabuku, kaa macho. Kuna wanaoingia kwenye akaunti za hoteli halisi na kukuandikia kupitia mtandao uleule uliobuku, wakitaja jina lako na tarehe zako sahihi, kwamba kadi haijathibitika, bonyeza hapa ndani ya saa kadhaa la sivyo chumba kinapotea. Kwa kuwa tarehe ni sahihi, watu wanabonyeza. Usibonyeze. Pigia hoteli simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si iliyo ndani ya meseji.

Swali: Nampeleka mama Umra, ana miaka 71. Kadi yake ya pensheni anaipenda na hataki kuiacha nyumbani. Nimegundua ameandika namba ya siri kwenye kikaratasi, amekikunja na kukiweka ndani ya kipochi cha kadi. Nimemwambia, amenijibu kwamba yeye ndiye aliyenizaa. Pia mimi nataka kununua laini ya kule tukifika. Una ushauri? *Kijana wa Tanga.*

Jibu: Kwa hilo la kukuzaa sina la kuongeza, ameshinda.

Usimnyang'anye kadi wala usimwombe akutajie namba ya siri ili umtunzie. Likitokea la kutokea, benki wakasikia namba inajulikana na watu wawili, wataosha mikono. Nenda naye tawini kabla ya safari mfanye mambo mawili. Kwanza abadilishe namba ya siri, achague anayoikumbuka bila karatasi. Mwaka wake wa kuzaliwa hapana, maana uko kwenye kitambulisho kilicho kipochi kilekile. Mwaka wa jambo analolijua yeye tu unafaa. Pili, muulize mhudumu kama benki yao ina kadi ya kujaza fedha kabla. Nyingi zinazo. Mwekee humo kiasi cha zawadi na chakula, apewe mkononi, mwambie hii ndiyo ya Makka. Ile ya pensheni itakaa kabatini bila ugomvi, kwa kuwa hakunyimwa kitu. Mle Haram watu ni wengi na wanasukumana, kipochi kivaliwe shingoni ndani ya nguo.

Laini ya kule nunua, lakini ya nyumbani usiichomoe. Meseji za makato na namba za kuthibitisha malipo zinakuja kwenye laini ya nyumbani. Ukiitoa unaweza kuibiwa mchana kutwa bila kujua, na wewe mwenyewe ukashindwa kulipa hoteli. Beba simu ya laini mbili, washa rouming, ile huduma ya laini kufanya kazi nje ya nchi, kabla hujaondoka, na zima data kwenye laini ya nyumbani isije ikakumaliza salio. Ulizia kwa mtandao wako makato ya kupokea meseji ukiwa nje. Kitochi nakipenda, ila nchi nyingine zimeshazima mitandao ya zamani ambayo kitochi kinaitegemea, kwa hiyo usikifanye tegemeo.

Namba ya simu ya benki iandike kwenye karatasi, nakala moja kwako na moja kwa mama, hiyo ndiyo karatasi ya kukunja kipochini. Iwe ile inayoanza na +255. Namba za bure za 0800 kwa kawaida hazipatikani ukiwa nje, na iliyo nyuma ya kadi itaibiwa pamoja na kadi. Ukiwa na shida usiandike malalamiko hadharani kwenye ukurasa wa benki mtandaoni. Kabla benki hawajaamka, atakuwa ameshakujibu mtu mwenye nembo yao, anajiita huduma kwa wateja, anakuomba namba ya kadi ili akusaidie.

Mkirudi Tanga, siku hiyohiyo ingia kwenye programu ya benki au pita tawini, mzime matumizi ya nje ya nchi kwenye kadi zote mbili. Ya kujaza ikiwa imebaki na chochote, mtoe, mama anywee chai.